Vidole Vitatu Juu

Kwenye bendi yetu benchi la klarineti lina watu wawili, mimi na Mjomba, na wenzetu wanasema sote wawili tunajiona. Sikatai. Mtu akishapuliza klarineti mbele ya watu, akasikia ile sauti inavyopita katikati ya tarumbeta na saksafoni bila kumwomba mtu njia, asijione ana nini? Mpiga tarumbeta, ambaye kazi yake ya mchana ni ufundi bomba na kazi yake ya kudumu ni umbea, ametubatiza "wenye nyumba". Anadhani anatukejeli.

Mjomba ni kinyozi. Ndiye klarineti ya kwanza, na ndiye aliyenifundisha tangu nikiwa na pengo la meno ya utoto. Klarineti hulia kwa sababu ya kipande chembamba cha tete kinachokaa mdomoni, na tete likiwa nene sauti inakohoa. Wapulizaji wengine hununua matete dukani wakamwomba Mungu. Mjomba huyanyoa. Huliweka tete juu ya goti, huchukua wembe wa kazini, huupitisha mara moja, hulipeleka tete mdomoni, hukunja uso, hulinyoa tena. Ukimuuliza kama wembe huo ndio ulioshuka shingoni mwa mteja asubuhi, anakwambia ameuosha. Mimi siulizi zaidi.

Mimi nakata lenzi kwenye duka la miwani. Ufalme wangu ni chumba cha nyuma: jiwe la kusagia, maji yanayotiririka juu yake, na trei za skrubu ndogo ambazo asiyezijua anadhani ni mchanga. Kibonye cha klarineti kikilegea sihitaji fundi, skrubu ya miwani inaingia vizuri tu. Mjomba mwenyewe nimemtengenezea miwani nzuri ya fremu nyeusi, na hataki kuivaa jukwaani hata umpige. Anasema mwanamuziki mwenye miwani anafanana na karani. Lishikeni hilo la miwani, nitalirudia.

Benchi letu lina sheria ambayo sijaisikia kwenye bendi nyingine yoyote. Klarineti ya pili ndiyo inayofungua wimbo, ya kwanza inafunga. Kwingine kote ni kinyume. Mjomba anasema mtu wa pili akizoea kujificha nyuma ya wa kwanza atazeeka hajawahi kujisikia mwenyewe. Kwa hiyo wimbo ukianza na klarineti peke yake, ni mimi. Siku moja nina mafua nilimwomba anipokee, akanitazama kana kwamba nimemwomba anisaidie kuzaa.

Na wimbo wetu mkubwa unaanza na klarineti peke yake. Unaitwa "Nipo". Mjomba aliutunga akiwa kijana, akamtungia dada yake mkubwa, aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Dada huyo ndiye mama yangu.

Wimbo wenyewe unakwenda hivi. Klarineti inafungua. Mama anaingia kwa kuifuata sauti niliyomwachia, anaimba ubeti wa kwanza mimi nikimzunguka, hakuna chombo kingine kinachogusa. Ubeti ukiisha, bendi nzima inaingia. Kuelekea mwisho sauti inapanda, inapanda, mpaka kwenye neno lenyewe, *nipo*, juu kabisa, na hapo Mama alikuwa akilishika neno hilo mpaka watu wanasahau kupumua. Nimekua nikiamini kwamba Mama akiwa pale juu, hakuna baya linaloweza kutokea duniani.

Halafu likatokea. Mwaka juzi, kwenye sherehe ya kiwanda, Mama alipanda kama kawaida, akafika kwenye neno, sauti ikachanika. Watu wakampigia makofi ya huruma. Kama hujawahi kupigiwa makofi ya aina hiyo, shukuru, maana heri kuzomewa. Mama aliinama kwa adabu, akashuka, na hakupanda tena. Alirudi kwenye cherehani yake, na bendi ikipiga mahali alikaa mlangoni akichana tiketi za watu wanaokwenda kusikiliza wenzake.

Kilichompungukia kilikuwa kidogo mno. Nusu sauti tu, ile hatua ndogo kuliko zote, kutoka kibonye kimoja cha piano mpaka kwa jirani yake. Kiongozi wetu, mpiga piano, tunamwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake, anafundisha hesabu. Yeye aliligundua hilo mapema, akalipeleka kwa Mama kwa upole wote alio nao.

"Dada, tukiushusha wimbo kidogo tu, hakuna atakayejua."

Mama alisimamisha cherehani. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akazima taa ya cherehani, akaingia chumbani, akamwacha mgeni na chai yake. Kesho yake akanigeukia mimi, kwa vile alihitaji mtu wa kumfokea.

"Wimbo ule uko pale ulipo tangu mimi msichana. Ukishushwa, nimeshushwa mimi. Nionewe huruma na mtu anayefundisha kujumlisha?"

"Mama, waimbaji wote wanashusha."

"Basi nenda ukawe binti yao."

Mambo yakaishia hapo. Nyumbani kwetu neno "shusha" likawa halitumiki hata kwa pazia.

Mwaka huu jumba la maonyesho, lililokuwa limefungwa kwa matengenezo ya paa, likawa tayari, na wenye jumba wakaita bendi yetu ije kulifungua Jumapili alasiri. Wakaomba "Nipo" kwa jina. Mwalimu alikuja tena nyumbani, safari hii hakuthubutu hata kukaa. Mama alimsikiliza akiwa na pini mdomoni. Alikuwa anamalizia gauni la bluu la binti wa mpiga saksafoni, msichana mwenye sauti nzuri, nisimdhulumu, ambaye kila mtu alijua ndiye atakayerithi nafasi. Mama alizitoa pini moja moja.

"Nitaimba. Palepale ulipo. Tena uwe wimbo wa kwanza, kabla koo halijapata muda wa kuogopa."

"Na ikiwa..." Mwalimu akaanza.

"Ikivunjika hamtaniona tena jukwaani wala mlangoni. Wimbo mpeni mwenye gauni hili." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe hutanisikia hata jikoni."

Nilijua hatanii. Mama anaweza kutania kuhusu maradhi na misiba, lakini kuhusu kuimba, katakata. Kuanzia siku hiyo alifanya mazoezi jikoni mlango ukiwa umefungwa, na mimi nilisimama upande wa pili nimeshika sahani nisiyoifuta. Kila mara alifika ukingoni, ikabaki unywele, akakatisha. Kisha nasikia bomba linafunguliwa kwa nguvu. Nilitamani niupige teke ule mlango nimwambie, ushushe basi, kwani kuna nani humu? Nikameza mate. Nikawa nafanya mazoezi yangu kwa hasira kazini, na hasira ndiyo iliyoniponza.

Kwenye chumba changu cha kazi kuna chombo cha kupashia fremu, bakuli la shanga ndogo za kioo zenye moto. Unazamisha humo mkono wa miwani mpaka unalainika, unaupinda umfae mteja. Ijumaa, wakati wa chakula, nilikuwa napuliza ule ufunguzi wa "Nipo" wakati mteja mmoja mkorofi alipoanza kugonga kaunta. Nikaiweka klarineti mezani, pembeni ya bakuli, nikaenda kubishana naye. Anasema miwani yake imekaa upande. Nikamwonyesha kwa kioo kwamba kilichokaa upande ni pua. Tukaendelea hapo kwa muda. Niliporudi, klarineti ilikuwa imepasuka, ufa umetoka juu mpaka kwenye tundu la kidole cha kwanza. Klarineti ni mti, na mti ukipigwa na joto upande mmoja haukusubiri umalize ugomvi wako. Nilijikunyata chini ya meza nikalia kama mtoto.

Jioni niliipeleka kwa Mjomba. Alikuwa na mteja kwenye kiti, povu mpaka masikioni. Akaipokea, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Umeichemsha au umeikaanga?"

"Mjomba, tafadhali."

"Nauliza nijue. Nimewafundisha watu kupuliza, kupika sijamfundisha mtu."

"Nifungulie wewe Jumapili. Mara hii tu. Ni Mama."

Aliweka wembe chini. Yule mteja kwenye kiti naye akageuka anisikilize.

"Kwa sababu ni mama yako ndiyo utafungua wewe," Mjomba akasema. "Sauti yako ndiyo aliyoizoea. Katafute klarineti."

Jumamosi nilizunguka mji mzima mpaka soli zikalegea. Mwishowe, nyuma ya rundo la redio zilizokufa, kwenye banda la muuza mitumba, nikaiona. Mti mweusi tititi, vibonye vya fedha. Sanduku lake lilikuwa na vitanda viwili, kimoja kitupu.

"Zilikuwa mbili, pacha," muuzaji akasema. "Mwenzake kachukuliwa wiki iliyopita. Zilikuwa za mzee mmoja wa okestra, wale wanaopiga kwa kusoma karatasi, na suti zao."

Nikachomeka kinywa changu mwenyewe, ile sehemu ya mdomoni ambayo mpulizaji haazimi mtu, nikapuliza. Sauti ilitoka nene, yenye joto, imetulia, mpaka muuza viatu wa banda la pili akainua kichwa. Mtu mwenye utulivu angejiuliza: mzee mmoja, mdomo mmoja, klarineti mbili za nini? Mimi nilikuwa nimeshaipenda. Niliibeba nyumbani kifuani nikijihesabia ushindi.

Jumapili tulifika jumbani mapema. Paa jipya, viti vipya, harufu ya rangi. Klarineti yangu mpya ikaona hiyo ndiyo saa ya kuangusha kibonye. Nikajifungia kwenye stoo ya nyuma, kati ya ngazi na ndoo za mafundi, na bisibisi yangu ya miwani, huku wenzangu jukwaani wakipatanisha vyombo vyao na piano. Mwalimu akachungulia mlangoni.

"Umepatana na piano?"

"Niko sawa."

Na kweli nilikuwa sawa, na mimi mwenyewe. Klarineti ikiwa peke yake stoo itagombana na nani? Mjomba alikuwa amekaa juu ya ndoo karibu yangu, ananinyolea tete kwa mara ya mwisho, miwani hana. Alikuwa anasikiliza tete tu. "Sauti ya mti huu nimeipenda," akasema, na hilo kwa Mjomba ni sawa na kupewa nishani.

Hapa inabidi nieleze tunavyozungumza jukwaani. Hatuitani kwa maneno. Mwalimu hututajia ngazi ya wimbo kwa vidole, juu au chini, ambazo ni alama tu wala hazisemi kama sauti inapanda au inashuka, na idadi yake inakwambia ni ngazi ipi. "Nipo" ni vidole viwili chini. Hiyo ni ngazi ya raha kwa sisi wapulizaji, vidole vinatembea vyenyewe. Nusu sauti chini yake kuna vidole vitatu juu. Wapiga gita wanaipenda kama nini, lakini ukiwa na tarumbeta au klarineti ya kawaida unajikuta unakunja vidole usivyojua kama unavyo. Mjomba anaiita mtaa wa vibaka, kwamba ukipita huko hutoki na viatu vyako.

Basi jumba likajaa. Mama akatoka na gauni jekundu la giza aliloshona mwenyewe, akaweka chupa yake ya maji chini ya benchi letu kama zamani, akaenda mbele. Mgongo wake ulikuwa umenyooka sana, na mimi ninayemjua nilijua kwamba anatetemeka. Pembeni ya jukwaa alisimama yule binti wa gauni la bluu, mikono ameifumbata. Mwalimu akaonyesha vidole viwili chini. Nikalowesha tete, nikafungua.

Kuna jambo ambalo wakati huo sikulijua, na ningelijua ningezimia. Watu wa okestra wana klarineti za aina mbili. Moja ni kama zetu. Ya pili ni ndefu kidogo, upana wa kidole tu, na ukibonyeza vidole vilevile inalia nusu sauti chini ya mwenzake. Yule pacha aliyenunuliwa wiki iliyopita ndiye niliyemhitaji. Mimi nilikuwa nimemshika nduguye mrefu mwenye kifua kizito, na nilikuwa naufungua wimbo wa mama yangu mahali ambapo haujawahi kufunguliwa.

Nilipuliza vizuri, hilo sitaliacha lisemwe na mtu mwingine. Sauti ya kwanza tu, bega la Mama likacheza. Akageuza kichwa akanitazama. Nikadhani ni woga, nikamtabasamia na macho yangu yote, nikamwinamishia kichwa: njoo Mama, njia hii hapa. Alinitazama kidogo tena. Kisha akawageukia watu, akaingia.

Na Mjomba akashtuka kama aliyekalia sindano. Sikio lake ni la kinyozi, linajua wembe uliokosa makali kabla haujagusa ngozi. Alinyoosha mkono akapapasa mwisho wa klarineti yangu, akaupima na ya kwake. Halafu, mbele ya jumba zima, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa miwani, akaivaa. Kumbe huwa anatembea nayo! Akaitazama klarineti, akanitazama mimi, na midomo yake ikatamka kimyakimya neno ambalo sitaliandika.

Nikaelewa, vile unavyoelewa kwamba umeacha jiko linawaka. Mama alikuwa katikati ya ubeti, anaimba sawasawa na mimi, amekaa juu ya sauti yangu kwa raha zake. Lakini ubeti ukiisha bendi nzima ingeingia kwenye vidole viwili chini, wao kule, sisi huku, na kingekuwa kishindo cha makabati yanayoanguka ngazini. Mama asingepona pale. Na kuacha siwezi, nikiacha namwacha angani peke yake. Nikaendelea kupuliza, jasho likinitoka mpaka kwenye vibonye.

Mjomba akainua vidole vitatu juu ya kichwa chake. Mpiga tarumbeta akaviona, akatikisa kichwa na kutoa macho, kama anayesema mzee umechanganyikiwa. Mwalimu hakuona kitu, alikuwa ameinamia vibonye vyake anahesabu mistari. Ukabaki mstari mmoja na kidogo.

Klarineti ya kwanza hainyanyuki kwenye benchi mpaka saa ya kufunga, hiyo nayo ni sheria, na ni Mjomba aliyeiweka. Akanyanyuka. Akapita nyuma ya Mama kwa mwendo wa mtu anayekwenda kufunga dirisha, akafika kwenye piano, akamwekea Mwalimu vidole vitatu chini ya pua. Mwalimu akavitazama vidole. Akaitazama miwani. Nadhani ni miwani iliyomshawishi, aliona lazima kuna jambo. Akatega sikio kwa Mama, uso ukambadilika, na mikono yake yote miwili ikahama pamoja. Akageuka akainua vidole vitatu ambavyo hakuna wa kubishana navyo. Mpiga gita akachanua kama aliyepandishwa cheo. Mpiga tarumbeta akafumba macho kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Bendi ikaingia.

Sitasema iliingia safi. Saksafoni ilikanyaga mahali pasipo pake, na tarumbeta ikapumua tu pale ilipopaswa kulia. Lakini besi ilikuwa pale, gita lilikuwa pale, piano ilikuwa pale, na wote walikuwa pamoja na Mama. Mjomba akarudi kwenye benchi, akavuta pumzi, akaingia mtaa wa vibaka. Mimi mwenye kosa ndiye niliyekuwa napita njia ya lami, vidole vyangu ni vilevile vya siku zote. Yeye asiye na kosa alikuwa anajikunja kila kona. Nilimsikia pembeni yangu, sauti yake ikiruka kila shimo, na nawaapia hakuibiwa hata kifungo. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Kisha sauti ikaanza kupanda. Nilimtazama Mama kwa nyuma, shingo yake, ule mfupa wa juu ya kola. Ngazi ya kwanza, ya pili. Alifika pale jikoni alipokuwa anakatisha, pale panapobaki unywele, na mimi nikajikuta nimefunga macho nikiwa bado napuliza.

Neno likatoka zima.

*Nipo.* Halikuwa na ufa popote. Lilijaza lile jumba mpaka chini ya viti, nalo lilikuwa zito kuliko la zamani, la mwanamke aliyekomaa, na ndani yake mlikuwa na jikoni, na bomba, na tiketi zote alizochana. Alilishika. Mwalimu akaondoa mikono kwenye piano akamwachia. Tarumbeta ikanyamaza, besi ikanyamaza, nami nikanyamaza, na Mama akabaki peke yake pale juu, analo, hana haraka nalo. Binti wa gauni la bluu alikuwa analia waziwazi na mdomo wazi. Mama alipolishusha, alilishusha mwenyewe kwa kupenda kwake. Mjomba akafunga.

Watu walisimama. Makofi hayo nayajua, nimekulia nyuma yake, na hayakuwa na huruma hata chembe. Walipiga na viti. "Tena!" wakapiga kelele. "Tena! Tena!" Mpiga tarumbeta, mdomo umevimba, alikuwa anajipongeza kwa kila aliyekuwa karibu.

Mama alikuja kwenye benchi letu akainama kuchukua chupa yake. Shanga za jasho zilikuwa zimejipanga kwenye paji lake la uso. Nikaona bora niseme mwenyewe kabla hajaambiwa na fundi bomba.

"Mama, klarineti hii..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nimeingia kwenye wimbo huo kwa mlango uleule maisha yangu yote, nisijue leo mlango umehamishwa?" Alikunywa maji, akajifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja. "Nilijua ulipoanza tu."

"Sasa mbona hukusimama?"

"Nilitaka. Nilikugeukia kusudi. Nikasema, huyu mtoto akiwa amepanga na Mwalimu kunionea huruma, nashuka sasa hivi, na nyumbani patawaka moto. Nikakutazama usoni." Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka juzi. "Nawe ukanichekea kama mtoto aliyeshika zawadi! Hukuwa unajua lolote, mwanangu. Wala lolote. Nikaona, ah, hii si huruma ya mtu. Hili ni kosa la kwetu wenyewe. Nikaingia."

Mjomba, miwani bado iko usoni, akasema, "Kesho naipeleka mwenyewe banda la mitumba nikamvunjie yule bwana kichwani."

"Ipeleke uone," Mama akasema.

Kelele za watu hazikupungua. Mwalimu akatutazama kutoka kwenye piano. Ni mtu wa adabu, na hakuwa amesahau ile chai aliyoachwa nayo. Aliinua mkono polepole, akaelekeza vidole viwili chini, kisha akainua nyusi, akamwachia Mama aamue. Bendi nzima ikatulia kumtazama. Nilimwona Mama ameona.

Mama aliweka chupa chini ya benchi. Alirudi mbele, akawapa watu wote mgongo, akatutazama sisi. Halafu akainua mkono wake juu sana, mkono mtupu wa mshonaji wenye alama za sindano, juu kiasi kwamba watu wa safu ya mwisho waliuona ingawa hawakujua maana yake, na akaonyesha vidole vitatu.

"Dada, tuonee huruma," Mjomba akanong'ona.

"Puliza, wewe mtoto," Mama akamjibu.

Nikalowesha tete, nikamfungulia.